Makumbusho ya Yogi Berra, New Jersey: maoni ya golikipa mstaafu wa Tanga

Nianze na nyota ili wenye haraka wasisumbuke: nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu zangu binafsi, nitazisema huko mbele.

Besiboli siijui. Nalisema hili mapema kabla hajatokea mjuaji. Nina miaka tisa New Jersey, kazi yangu ni ya usiku ghalani, na mchezo huu nilikuwa nauona kwenye runinga ya kinyozi tu: wanaume wazima wamesimama kama wanaongoja daladala, mmoja anatema mate, mwingine anarekebisha kofia, dakika tatu zinakatika hakuna kilichotokea. Aliyeniingiza ni mpwa wangu, mtoto wa dada, umri miaka 12, kazaliwa huku huku. Anachezea timu ya shule, na nafasi yake ni ile ya kuchuchumaa nyuma ya mpigaji, kavaa kinyago na makinga ya kifua na miguu, kazi yake kudaka kila kinachorushwa.

Siku ya kwanza kumwona uwanjani nikamwambia dada, huyu mwanao ni golikipa. Wenzake wote wanatazama upande mmoja, yeye peke yake anawatazama wao. Anaupanga uwanja, anapiga kelele, anaonyesha vidole chini ya mapaja kumwambia mrushaji alete mpira wa namna gani, na mpira ukimpita lawama ni zake. Mimi nimedaka miaka sita kwenye viwanja vya mchanga vya Makorora. Hayo mambo nayajua.

Basi shule zilipofungwa akaniomba nimpeleke "kwa Yogi". Nikadhani anataka mtindi.

Tulikwenda Alhamisi, nimetoka zamu, nimelala saa nne tu. Treni kutoka Newark Broad Street hadi kituo cha Montclair State University, halafu miguu. Makumbusho yapo ndani ya eneo la chuo kikuu hicho, upande wa Little Falls, ubavuni mwa uwanja mdogo wa besiboli wenye jina lake huyo huyo mzee, na barabara nayo inaitwa Yogi Berra Drive. Kuna utani maarufu kuhusu namna alivyokuwa akimwelekeza rafiki yake njia ya kwenda nyumbani kwake Montclair: "Ukifika njia panda, ishike." Wamarekani wanacheka mpaka leo. Kumbe mzee alikuwa sahihi, njia zote mbili zilikuwa zinafika kwake. Mtu aliyewahi kuelekezwa njia kwetu, "wewe nyoosha tu, utaona", hana cha kumcheka.

Ndani si pakubwa. Saa moja na nusu inakutosha hata kama unasoma kila kibandiko, na mimi ni mtu wa kusoma kila kibandiko. Kiingilio hakikuniuma, familia ikienda kula piza huku inatumia zaidi. Ila nikushauri kitu: kama mchezo huuelewi, usiende peke yako. Nenda na mtoto anayeucheza. Mpwa wangu alinishika mkono kama kipofu, "Mjomba, hii ni hivi, ile ni vile," na bila yeye ningetoka nimeona nguo kuukuu na vyuma tu.

Mwenyewe ni nani? Lawrence Peter Berra, kazaliwa St. Louis tarehe 12 Mei 1925, wazazi wahamiaji kutoka Italia, baba kibarua wa kiwanda cha matofali. Shule aliachia darasa la nane. Jina la Yogi alipewa na rafiki wa utotoni, kwamba akikaa chini na kukunja mikono na miguu anafanana na wale watawa wa Kihindi. Mfupi, futi tano na inchi saba, sura ambayo waandishi wa enzi zile waliitania bila haya. Akiwa na miaka 19 alikuwa baharia kwenye boti ndogo ya kurushia roketi mbele ya fukwe za Normandy, Juni 1944. Miaka miwili baadaye, tarehe 22 Septemba 1946, akacheza mechi yake ya kwanza na New York Yankees. Alifariki tarehe hiyo hiyo ya 22 Septemba, mwaka 2015, ana miaka 90.

Uchezaji wake nitaupitisha haraka kwa sababu hauna ubishi. Ubingwa wa World Series, ile fainali ya mabingwa wa ligi mbili kubwa, American League na National League, ambayo anayetangulia kushinda mechi nne ndiye bingwa, aliutwaa mara 10, hakuna mchezaji mwingine aliyefika hapo. Mchezaji bora wa ligi yake mara tatu, 1951, 1954 na 1955. Mipira 358 aliyoipiga ikavuka uzio. Takwimu iliyomfanya mpwa wangu asimame ni ya mwaka 1950: mzee alihesabiwa zamu 597 za kupiga, akatolewa kwa kukosa mipira mara 12 tu. "Mjomba, mimi nilifika 12 mwezi wa nne," akasema. Na ilikuwa kawaida ya Yogi kupiga mipira mibaya, ya juu ya paji la uso au ya kifundo cha mguu, ile ambayo makocha wote wanakukataza. Aliweza, wakamwacha.

Glovu ndiyo iliyonikalisha. Ni ile aliyodakia tarehe 8 Oktoba 1956, mechi ya tano ya World Series dhidi ya Brooklyn Dodgers. Mrushaji Don Larsen alikabiliana na wapigaji 27 na wote 27 wakarudi benchi bila hata mmoja kuigusa besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji. Haijawahi kutokea tena kwenye World Series. Picha ya Yogi akimrukia Larsen kifuani, miguu hewani kama mtoto anayempokea baba kutoka safari, utakuwa umeiona mahali hata kama hujui ni nini. Mimi niliitazama glovu. Nene, duara, imebonyea katikati kama mto uliolaliwa na mtu mmoja miaka mingi. Glovu zangu za mwisho zilikuwa za bustani, nilizinunua Soko la Ngamiani nikazishonea raba ya tairi la baiskeli kwenye viganja.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Yogi alikuwa meneja pia. Na hapa msomaji wa kwetu asikosee: kwenye soka letu meneja wa timu ni yule wa kushughulikia leseni za wachezaji, hoteli na maji ya kunywa. Kwenye besiboli meneja ndiye kocha mkuu, anayepanga kikosi na kubadilisha mrushaji, na anayefukuzwa. Tena huvaa jezi kama wachezaji, hata akiwa na kitambi. Mpwa wangu haoni cha ajabu hapo. Mimi bado nacheka.

Alikabidhiwa Yankees mwaka 1964, msimu mmoja tu baada ya kuacha kucheza hapo hapo. Wale wale aliokuwa akinywa nao bia na kuwatania sasa anatakiwa awaamrishe. Aliyewahi kupewa ukapteni au ukocha mtaani kwake anajua ugumu wake: watakuitikia "ndiyo mwalimu" huku wanakonyezana. Mwezi Agosti, wametoka kufungwa Chicago, kwenye basi mchezaji mmoja, Phil Linz, akatoa kinanda cha mdomo akaanza kupiga wimbo wa watoto. Yogi akiwa mbele akamwambia aache. Linz hakusikia vizuri, akauliza amesema nini, na Mickey Mantle, supastaa wa timu, akamjibu: amesema ongeza sauti. Akaongeza. Yogi akatoka mbele mpaka kwenye kiti chake, akakipiga kile kinanda kikaruka. Linz akakatwa dola 200. Magazeti yakaandika kwamba timu imemshinda.

Nimecheka, lakini mwenzenu nilikuwa na kijana mmoja wa namba saba aliyekuwa anaimba taarab wakati naongea mapumziko. Kuna siku unafika mwisho.

Baada ya kinanda timu ikaamka, ikachukua ubingwa wa ligi yake, ikaingia World Series na St. Louis Cardinals, ikapoteza mechi ya saba. Yogi alipoitwa ofisini alidhani anakwenda kuongezewa mkataba. Akafukuzwa. Na aliyepewa nafasi yake ni Johnny Keane, meneja wa Cardinals wale wale waliomfunga! Nilimwuliza mpwa wangu kama nimesoma sawasawa. Akasoma yeye kwa sauti. Sawasawa.

Akahamia ng'ambo ya pili ya jiji, kwa New York Mets, akawa kocha msaidizi hadi walipotwaa ubingwa wa 1969. Aprili 1972 meneja wao Gil Hodges akafariki ghafla kwa moyo, Yogi akapewa timu. Mwaka uliofuata ndio ule wa "Haijaisha mpaka iishe." Maneno hayo yamechapwa kwenye fulana na vikombe dunia nzima, watu wanayachukua kama kichekesho, lakini yalitokana na hesabu: mwishoni mwa Agosti 1973 Mets walikuwa mkiani mwa kundi lao. Wakamaliza wa kwanza, ushindi 82 na kupoteza 79, rekodi ambayo kwa kawaida haikupeleki popote. Wakawatoa Cincinnati Reds waliokuwa wanaogopwa nchi nzima. World Series na Oakland wakaongoza mechi tatu kwa mbili.

Hapo kuna ubishi ambao haujapoa kwa miaka 50. Mechi ya sita Yogi alimpanga Tom Seaver, mrushaji wake bora, akiwa hajapumzika siku za kutosha, badala ya George Stone aliyekuwa na mkono uliopumzika. Akafungwa. Mechi ya saba akafungwa tena. Mzee mmoja wa nywele nyeupe tuliyemkuta ndani, mgeni kama sisi, alinieleza jambo hili kwa hasira kana kwamba lilitokea Jumapili iliyopita. Nikamwambia mimi ningempanga Seaver. Ukiwa na bunduki yako kubwa huiachi nyumbani eti inapoa. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanga. Akasema, "Basi huko pia mngefungwa." Tumeachana marafiki.

Kwa hiyo mtu huyu ni miongoni mwa mameneja wachache waliotwaa ubingwa wa ligi zote mbili, na mara zote mbili akakwama mechi ya saba. Mets nao walimwondoa, Agosti 1975. Akarudi Yankees kama msaidizi, na mwaka 1984 akapewa tena umeneja na mmiliki George Steinbrenner, tajiri ambaye kubadilisha mameneja kwake ilikuwa kama kubadilisha shati. Mwanzoni mwa 1985 Steinbrenner akatangaza kwamba safari hii Yogi atamaliza msimu, afungwe asifungwe. Mechi 16 tu zikachezwa. Ushindi sita. Akafukuzwa.

Kufukuzwa siyo kulikomuuma. Makocha tunafukuzwa. Kilichomuuma ni kwamba tajiri hakuja wala hakupiga simu. Alimtuma mtu, Clyde King, kwenda kumwambia. Miaka 18 ya kuchuchumaa nyuma ya besi ya timu ile, magoti yamekwisha, pete 10 wanazopewa mabingwa, halafu anatumiwa mjumbe.

Yogi akasema hatakanyaga Yankee Stadium maadamu yule bwana yupo. Na hakukanyaga. Mwaka 1988 wakamwekea bamba la kumbukumbu pale uwanjani, hakwenda. Wenzake wa zamani wakialikwa, wakapigiwa makofi, yeye yupo nyumbani Montclair na mkewe Carmen, au Houston alikokwenda kuwa kocha msaidizi. Miaka 14.

Niliposoma hapo nilikaa kwenye benchi. Mimi nilifundisha timu ya mtaa misimu mitatu baada ya kuacha kudaka, jina sitalitaja. Msimu wa tatu tulipoteza mechi nne mfululizo. Jioni moja nipo kibarazani nakunywa kahawa, akaja kijana na baiskeli, mchezaji wangu mwenyewe wa akiba, hanitazami usoni. "Mwalimu, wamesema nichukue vifaa." Mfuko wa jezi, mipira miwili, pampu. Nikampa. Nikamfungia na kamba kwenye keria isije ikadondoka. Ni miaka 11 sasa, na kila nikienda likizo Tanga kupita karibu na uwanja ule siwezi, nazungukia njia ya mbali, dada yangu anadhani nafuata kivuli.

Ndiyo maana jengo hili naliheshimu. Makumbusho yalifunguliwa Desemba 1998, na wiki chache baadaye, Januari 1999, Steinbrenner alikuja mwenyewe, hapa hapa, kuomba radhi. Yogi alikuwa anamsubiri. Akatazama saa, akamwambia amechelewa dakika kumi. Tajiri akakiri kwamba kutokumwambia ana kwa ana lilikuwa kosa kubwa kabisa alilowahi kulifanya katika besiboli. Wakaingia ndani, wakatembezana kuangalia vitu.

Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, kwa nini alihesabu dakika kumi na amesubiri miaka 14?" Nikamwambia akaiangalie ile glovu tena.

Yaliyofuata ukiyasoma kwenye riwaya utasema mwandishi amezidisha. Tarehe 18 Julai 1999 Yankees wakafanya Siku ya Yogi Berra uwanjani. Larsen akaja, akarusha mpira wa heshima, Yogi akaudaka kwa glovu aliyoiazima kwa Joe Girardi, mdakaji wa timu siku hiyo. Kisha mechi ikaanza, na mrushaji David Cone akawatoa wapigaji wa Montreal Expos 27 kwa 27, kama Larsen mwaka 1956, wazee wote wawili wamekaa wanatazama. Mimi si mtu wa mazingaombwe, lakini nimesoma kibandiko mara mbili.

Kuna habari moja mbaya, na ukiziona pete pale ujue zile zenyewe hazipo. Usiku wa kuamkia 8 Oktoba 2014, kumbukumbu ya mechi ile ile ya Larsen, wezi walivunja wakaingia, wakachukua pete tisa za ubingwa wa World Series, pete nyingine saba, na ngao mbili za mchezaji bora. Yogi alikuwa hai. Mwaka 2023 waendesha mashtaka wa serikali walieleza zilikokwenda: ziliyeyushwa. Vitu vyenye thamani ya zaidi ya dola milioni moja vikauzwa kama vyuma, kwa kiasi cha dola 12,000. Dola 12,000 ukigawana na wenzako hata gari la maana hupati. Pete ya kumi, ya mwaka 1953, ilinusurika kwa sababu mzee alikuwa haivui kidoleni.

Nyota ya tano, basi. Mimi ningetaka chumba kizima cha umeneja: karatasi zake za vikosi, ramani ya mechi ya sita, kile kinanda cha mdomo. Mtu wa kawaida hatavihitaji, atakuja kuona jezi yake namba 8 na kusoma misemo yake, na atafurahi. Huo ni ugonjwa wa makocha. Pia nimalizie na jambo ambalo sikulitarajia: kumbe Larry Doby, Mweusi wa kwanza kuchezea American League, mwaka 1947, aliyekulia Paterson hapo jirani na baadaye akawa meneja wa Chicago White Sox, alikuwa akiishi Montclair pia, rafiki wa Yogi. Dada yangu amepita mitaa hiyo miaka mingi akisafisha nyumba za watu, hakuwahi kuambiwa.

Kwa mnaotaka kwenda: angalieni siku na saa za kufunguliwa kabla ya kutoka, si kila siku pako wazi. Treni siku za kazi ndiyo rahisi. Kuleni kwanza, sisi tulikula nyumbani wali na maharage saa tano, nikashukuru. Watoto kuanzia miaka minane watafaidi, chini ya hapo watakimbiakimbia. Dukani mpwa wangu alichagua mpira mmoja, nikalipa bila kuuliza bei, nikajuta kwenye ngazi.

Shemeji yangu, baba wa mtoto, aliposikia tumekwenda kote huko kuangalia glovu alisema besiboli ni kriketi iliyopewa dawa ya usingizi. Nimemwambia mwezi ujao twende wote, na gari lake.